Barua Moja Yenye Muhuri

Juma moja kabla sijaondoka ofisini mliniomba niwaandikie "mambo machache" kuhusu kazi ya kuomba ruzuku. Nimekaa na ombi lenu mezani, nyumbani kwangu Saint Paul, na kila nikianza kuandika hasira zinanipanda upya, kwa hiyo mnisamehe mapema. Vyeo nilivyopata sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kiti kilibaki kilekile. Mshahara mnaujua, kwa sababu ndio mnaolipwa ninyi sasa. Nitawaeleza miaka ile ya tisini, tulipokuwa tunatafuta fedha za kufundisha lugha za kigeni na masomo ya kimataifa katika chuo ambacho wakubwa waliamini wanafunzi wake hawana haja ya kufika mbali zaidi ya kituo cha basi.

Nilianza kazi mwezi wa Januari. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya pili, mtoto wa Tabora ndani ya koti la kuazima, na nilidhani kujua kuandika Kiingereza kizuri kunatosha. Aliyenipokea alikuwa Bi Odessa, Mmarekani mweusi mzaliwa wa hapahapa Saint Paul, ambaye nyumba ya wazazi wake ilibomolewa kupisha barabara kuu. Alikuwa akiandika maombi ya ruzuku tangu enzi za mashine ya taipu, na mashine yenyewe bado ilikuwa mezani kwake kwa ajili ya fomu ambazo kompyuta ilishindwa kuzilenga. Siku ile hakunionyesha choo wala mahali pa chai. Alinipa rula.

Rula ilikuwa ya kupimia pembezoni mwa karatasi. Inchi moja kila upande, si pungufu. Ombi la mwaka uliotangulia lilikuwa limerudishwa bila kusomwa kwa sababu jedwali moja lilivuka mstari kwa upana wa punje ya mchele, na Bi Odessa alilibandika ukutani ili kila anayeingia alione. Nikapima kurasa hamsini siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikajiuliza kama hii ndiyo kazi niliyovukia bahari.

Lakini mwanamke yule alinifundisha jambo ambalo hakuna semina yenu yoyote inayofundisha. Alikuwa akisema kwamba anayetoa fedha ameuliza swali, na kazi yako ni kumjibu swali lake, si kumweleza unachokipenda wewe. Ukishamjibu, ya kwako unayapenyeza humohumo. Mimi nilikuwa na tabia ya kuanza na historia ya lugha, na umuhimu wake, na methali. Kalamu yake nyekundu iliipita historia yote, ikazipita na methali, ikasimama kwenye sentensi ya kwanza yenye jibu.

Sasa niwaambie ruzuku yenyewe ilivyokuwa. Ilitoka serikali kuu, na tangazo lake lilisema wazi kwamba vyuo kama chetu, vyenye wanafunzi wengi weusi, Wahmong waliotoka milima ya Laos, wenyeji wa asili wa nchi hii na wahamiaji, vitafikiriwa kwa namna ya pekee. Niliiamini sentensi hiyo wiki nzima. Kisha nikafika ukurasa wa masharti. Onyesheni maktaba yenu ya lugha za kigeni. Onyesheni walimu wenu wa lugha wenye udaktari. Onyesheni mikataba yenu na vyuo vya ng'ambo. Yaani upewe fedha za kununua ng'ombe, ila kwanza uonyeshe maziwa.

Tuliomba hivyohivyo, tukakataliwa. Majibu huja na maoni ya wasomaji, wale wanaotoa alama, na mmoja wao aliandika kwamba wanafunzi wa aina hii wana mahitaji ya msingi zaidi kuliko lugha za kigeni. Chuoni kwetu kulikuwa na wasichana wa Kihmong waliokuwa wakiwatafsiria bibi zao hospitalini tangu wakiwa na miaka tisa. Kulikuwa na vijana wanaojua lugha tatu na kuona aibu kuzisema. Nilitaka kumwandikia msomaji yule barua ya kurasa sita. Bi Odessa alicheka kidogo puani, akaitia karatasi hiyo kwenye faili, akaniambia niende nikale.

Wakati huo ndipo nilipomfahamu vizuri Mwalimu Mwanahamisi. Nyumbani Tanzania alikuwa amefundisha Kiswahili miaka mingi katika chuo cha ualimu. Alikuja huku kumfuata mumewe aliyekuwa masomoni, na kwa kuwa vyeti vyake havikumpa kazi ya kufundisha, akaenda kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Maplewood. Alianza zamu alfajiri, akamaliza saa tisa alasiri, na mara mbili kwa wiki aliendesha gari moja kwa moja hadi chuoni kwetu kufundisha Kiswahili, viatu vyeupe vya kazini bado miguuni. Kazi ya Maplewood ililisha watoto wake. Darasa ndilo lililokuwa lake mwenyewe, na mtu yeyote aliyemwona akishika chaki alilijua hilo.

Laiti mngelisikiliza darasa lile. Kulikuwa na dereva wa basi la mjini, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyejifunza Kiswahili kwa sababu anazozijua mwenyewe, na aliyetamka kila neno kana kwamba analisaini. Kulikuwa na watoto wa Watanzania wa vitongoji vya Blaine na Coon Rapids waliomaliza shule ya sekondari, wanaoelewa kila wanachoambiwa na mama zao na kujibu kwa Kiingereza, tena kwa adabu kabisa. Mwalimu Mwanahamisi hakuwakaripia. Alikuwa anawauliza swali, anakaa kitini, anafunga mikono, na anasubiri. Niliwahi kumwona akisubiri dakika nzima. Mtoto akachoka na ukimya, akajibu kwa Kiswahili.

Darasa hilo lililipiwa kwa visenti vilivyobaki kwenye mfuko wa mkuu wa kitivo, muhula kwa muhula. Mwaka wa pili mkuu akatuita akasema mfuko umekauka. Ama tupate ruzuku ya serikali, ama darasa lifungwe mwezi wa Mei.  Nilimwambia Mwalimu asiwe na wasiwasi, kwamba sasa tumeshaujua mchezo. Nilikuwa na mdomo mwepesi siku zile.

Safari hiyo masharti yalikuwa yameongezwa jambo: uungaji mkono wa jamii. Bi Odessa alinikalisha chini akanieleza kwa utaratibu, maana alikuwa ameshawahi kuliona kwenye ruzuku nyingine. Alitaka barua zisizopungua kumi na tano. Kila moja iwe ya mtu tofauti, kwa maneno yake mwenyewe, akieleza shida yake mwenyewe. Barua zinazofanana, alisema, wasomaji wanazihesabu kuwa moja. Akaongeza kwamba hawa ni watu wangu, kwa hiyo kazi hii ni yangu. Nikaona ni sehemu rahisi kuliko zote. Watanzania wa Saint Paul na vitongoji vyake nilikuwa nawajua, Waislamu kwa Wakristo, wengi tulisoma pamoja, na mtu akifiwa Maplewood chakula kinatoka hadi Blaine.

Jumamosi moja ya Oktoba nikaenda kwenye kikao cha jumuiya, katika chumba cha chini cha nyumba ya Mzee Kessy kule Coon Rapids. Mzee Kessy alikuwa mwenyekiti wetu. Huku alikuwa mhandisi wa barabara, lakini ujana wake aliumaliza katika ofisi za halmashauri nyumbani, na halmashauri ilikuwa haijamtoka. Ajenda ilipigwa chapa: kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, ukumbi wa sherehe za Uhuru, mengineyo. Mimi nilikuwa katika mengineyo. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa nikisikiliza watu wazima, wengine madaktari wa falsafa, wakibishana kuhusu nani aende kuutazama ukumbi.

Zamu yangu ilipofika nilieleza vizuri. Barua kumi na tano, kila mtu yake, kwa maneno yake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona wauguzi wawili wameshatoa kalamu. Ndipo Mzee Kessy akakohoa.

"Binti, nimekusikia, na jambo lako ni jema," alisema. "Lakini kila mtu akiandika yake, hawa Wamarekani wataona Watanzania hatuna umoja. Itaandikwa barua moja, ya jumuiya nzima. Wote tutasaini, na tutaipiga muhuri."

Watu wakapiga makofi. Kalamu zikarudi mifukoni. Nilijua palepale kwamba tumekwisha, kama unavyojua mchuzi umeungua kabla hujafunua sufuria. Mwalimu Mwanahamisi alikuwa ameketi karibu na ngazi, koti mwilini, ametoka zamu. Akanitazama. Kikao kizima kilikuwa kinasubiri neno langu.

Nikasema, "Ahsante, Mzee."

Nimefanya makosa mengi katika kazi hii. Niliwahi kutuma bajeti ya ruzuku moja ndani ya bahasha ya ruzuku nyingine. Hakuna lililozidi maneno hayo mawili.

Nilijifariji kwamba nitawapigia simu mmoja mmoja kwa siri. Nikapiga, wiki mbili nzima, mchana nikiwa kazini na jioni nikiwa jikoni. Jibu lilikuwa moja. Muuguzi mmoja wa Coon Rapids, rafiki yangu tangu chuo, alilisema kwa niaba ya wote: "Dada, si kamati imeshaandika? Nikituma ya kwangu nitaonekana nimemruka Mwenyekiti. Halafu nikipata shida nani atakuja?" Alikuwa anasema kweli. Wenzangu wa Kimarekani hawakulielewa hilo kamwe. Walidhani watu wetu hawajali. Watu walijali sana, walikuwa wamejali kwa pamoja, wakapanga foleni kusaini.

Siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, Mzee Kessy aliileta barua mwenyewe. Theluji ilikuwa inaanguka, naye aliendesha gari kutoka Coon Rapids hadi Saint Paul amevaa tai. Alinikabidhi bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Barua ilikuwa kwa Kiingereza, lakini mifupa yake ilikuwa ya halmashauri: namba ya kumbukumbu, kichwa cha habari kwa herufi kubwa kilichopigiwa mstari, kisha sentensi ya kusema kwamba kichwa cha habari hapo juu chahusika. Aya mbili za heshima. Kurasa mbili za saini. Na chini kabisa muhuri wa buluu, wa duara, ambao kamati ilikuwa imeutengenezesha kwa ajili ya siku hiyo. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kusema ni nani anayekihitaji Kiswahili na kwa nini.

Alikuwa na furaha. Aliniuliza kama muhuri umekaa vizuri. Nikamshukuru tena.

Bi Odessa aliisoma, akageuza kurasa za saini, akainua kidole kimoja. Kisha akanisukumia simu, akaniambia nimpigie yule mzee kabla hajafika nyumbani nimweleze kwamba haitoshi, bado tuna siku nzima, watu kumi wanaweza kuandika aya moja moja na kuileta asubuhi. Nilimweleza kwamba kwetu mtu hamwambii mzee hivyo, tena aliyetoka kwenye theluji. Akasema basi nimpigie Mwanahamisi, kwa sababu darasa ni lake na ana haki ya kujua. Nikasema nitampigia. Nikaenda kupiga nakala. Mashine ikakwama mara nne, nikashukuru kila ilipokwama, maana ilinipa sababu ya kutoshika simu. Kesho yake tukatuma.

Majibu yalikuja majira ya kuchipua. Mpango ulisifiwa. Mwalimu alisifiwa, tena kwa jina. Kwenye uungaji mkono wa jamii msomaji mmoja aliandika kwamba imeambatishwa barua moja tu, ya jumla. Tulikosa kwa alama chache, alama ambazo barua tano zingezijaza.

Nilimsubiri Mwalimu kwenye korido nje ya darasa. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu kila mtu: serikali na masharti yake, msomaji na alama zake, kamati na muhuri wake. Aliomba ayasome maoni. Akayasoma yote akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi, hadi kwenye ule mstari wa barua moja.

"Siku ile kule Coon Rapids ulikuwa unajua," alisema.

Nikamwambia nilikuwa najua.

"Uliona haya kumkatalia mzee," alisema, "ukanikatalia mimi."

Hakupandisha sauti. Akayakunja maoni, akanirudishia, akaingia kufundisha. Nilibaki koridoni nikimsikia akiwasalimia wanafunzi wake, nao wakimwitikia. Niliona aibu ambayo hadi leo ikinijia natafuta cha kushika. Mwezi wa Mei darasa lilifungwa, naye akachukua zamu za mchana kutwa kule Maplewood, pamoja na za mwisho wa wiki.

Mwaka uliofuata mkuu wa kitivo alikubali tujaribu mara moja ya mwisho. Nikampigia katibu wa jumuiya nikamwomba aniweke wa kwanza kwenye ajenda, kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita. Alisita, akasema haijawahi kufanyika. Nikamwambia basi ndiyo itafanyika. Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya Mzee Kessy hadi vioo vikaingia ukungu. Kisha nikateremka ngazi, nikasimama katikati ya watu.

"Shikamoo, Mzee," nilisema. "Barua yako ya mwaka jana ndiyo iliyotukosesha. Safari hii nakukatalia, tena mbele za watu, na naomba unisamehe."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mke wa Mzee alisimama na birika mkononi. Mzee Kessy alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena.

"Marahaba," alisema. "Sasa mbona mwaka jana hukusema? Mimi ningejuaje?"

Basi. Mwaka mzima nilikuwa nikimwogopa, nikizunguka na simu, nikishukuru mashine inapokwama, na mzee alikuwa anangoja tu kuambiwa. Aliamuru kalamu zitolewe palepale. Alisema anayeona haya kuandika kwa sababu yake aandike haraka zaidi. Sijui nani nilimkasirikia zaidi dakika ile, lakini wengi wenu mmenifahamu miaka mingi na mnaweza kukisia.

Barua zilikuja ishirini na mbili. Rafiki yangu wa Coon Rapids aliandika jinsi anavyoitwa kutoka wodi yake kwenda nyingine kila akija mgonjwa asiyejua Kiingereza. Baba mmoja wa Blaine aliandika kwamba bintiye humpa simu bibi yake na kuondoka, kwa kuwa hawana la kuzungumza. Yule dereva wa basi aliandika kurasa tatu, na hatimaye nikajua sababu zake, ambazo hazinihusu kuwaambia. Mzee Kessy aliandika kuhusu wajukuu wake, vizuri sana, kisha akaipiga muhuri.

Tulipata. Mlioajiriwa baadaye mliikuta programu hiyo ikitembea, na mkaichukulia kuwa ya kawaida, kama inavyopaswa. Asubuhi barua ya kukubaliwa ilipofika, nilimpigia Mwalimu Mwanahamisi Maplewood wakati wa mapumziko yake nikamwambia darasa lake limerudi, na sasa lina bajeti. Akanipongeza kwa dhati. Kisha akaniambia mumewe amerudi Tanzania, yeye na watoto wamenunua nyumba, amepewa zamu za kudumu na bima ya watoto, na hawezi kuviacha kwa madarasa mawili ya wiki. Nilimbembeleza. Akasema wazee wanamsubiri.

Nilikuwa na orodha ya watu wa kuwashukuru, kwa hiyo nikafungua faili kuzipitia zile barua ishirini na mbili. Ya kwanza kufika ilikuwa ya kutoka Maplewood. Wakati inafika niliipima pembezoni, nikaona jina, nikaipanga, sikuisoma. Sasa nikaisoma. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imekaa mahali pake. Alijitambulisha kuwa mhudumu wa wazee. Aliandika kwamba ana watoto watatu wanaoanza kusahau lugha yao na kwamba angependa waisome chuoni. Alisema ameishi karibu na chuo hiki na anakithamini. Hakutaja kwamba aliwahi kufundisha, si kwetu wala kwingineko. Na mwisho, juu ya saini yake, aliandika kwamba anawaombea wanafunzi wa darasa hilo wapate mwalimu mzuri.